Chai Tamu Isiyo na Sukari

Siku ya kuniaga, vijana wa idara yetu ya kisukari walinifunga kitenge kipya juu ya kile nilichovaa, wakanikalisha kwenye kiti cha daktari, na muuguzi Trésor akasimama kuhutubia. Alisema Mama Godelieve ametufundisha mengi, lakini sentensi moja inatosha: "Sukari isiingie tena mu nyumba." Wote wakaidaka na kuirudia kwa sauti moja, kama litania ya kanisani, wakapiga makofi. Mimi niliangalia viatu vyangu. Sentensi hiyo ni yangu kweli. Nusura iue mtu, lawama akaibeba mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimesimama palepale.

Ninyi vijana mliniomba niandike kumbukumbu za kazi. Haya, naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyote viwili vilikuwa na desturi ya kuchelewa. Nitatumia Kiswahili cha masista walionifundisha shule, lakini watu wangu nitawaacha waongee Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Wengine wako hai, na wakijisoma wamesahihishwa watanicheka mpaka kaburini.

Siku yangu ya kwanza sikupewa mgonjwa. Nilipewa mkojo. Mama Albertine, muuguzi mkuu wa wakati ule, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitia mkononi kijibomba cha kioo, chupa ya dawa ya bluu na taa ya spiriti. Unadondosha mkojo ndani ya dawa, unachemsha, unangoja rangi. "Ikibaki bluu, mugonjwa anarudia kwake," aliniambia. "Ikikuwa kijani, unamuuliza maswali. Ikikuwa rangi ya tofali, unamuuliza bibi yake." Nilidhani anatania. Wiki haikuisha nikaona alisema kweli tupu. Bwana atakuambia anakunywa kikombe kimoja cha chai. Bibi, yaani mkewe, ndiye atakuonyesha kikombe kina ukubwa gani. Leo mna mashine ndogo, tone la damu, sekunde chache, namba inatoka. Ni nzuri, siikatai. Ila ile taa ya spiriti ilikupa dakika tano za kumtazama mtu usoni, na mashine haikupi.

Vitamu visivyo na sukari vilitufikia kwanza kwa wagonjwa wa Karavia, mtaa wa wenye mali, wale waliokuwa wanasafiri hadi Afrika Kusini na kurudi na vitu vidogo vidogo. Mmoja alitoa mfukoni kikopo kisichozidi kiberiti, akabonyeza, kidonge cheupe kikaanguka ndani ya chai yake. Chumba kizima kiliacha kuugua ili kitazame. Mama Albertine hakutazama. Alimwomba vidonge sita. Alasiri ile alipanga vikombe jikoni mwa hospitali, vingine vya sukari, vingine vya vidonge, akatufunga macho kwa bandeji na kutuonjesha. Ile ya kwanza, sakarini, utamu wake ulikuja mbio halafu ukaacha mdomoni ladha ya ufunguo. Sista mmoja alitema kwenye sinki akaomba msamaha kwa Mungu. Mama Albertine aliandika yote kwenye daftari, hata kutema.

Baadaye vikaja vingine, na kila kimoja na vituko vyake. Kulikuwa na vile vya aspartamu, visivyo na ladha ya chuma, lakini usivichemshe muda mrefu: utamu unakimbia. Tulijua hilo baada ya mama mmoja kurudi na hasira, akisema tumempa dawa iliyokufa. Kumbe alivitia vidonge kwenye sufuria asubuhi, akaiacha chai juu ya makaa mpaka saa sita. Mwingine alijaribu kupika vitumbua kwa vidonge, akatuletea sahani nzima tuonje. Vilikuwa vyeupe kama havijaona mafuta, na vigumu, maana sukari haitii utamu tu, inatia pia rangi na ulaini. Tulivila kwa heshima. Agronomu mmoja, bwana shamba, alipanda stevia ndani ya ndoo nyuma ya nyumba yake, akawa anatafuna jani bichi kila baada ya bukari, ugali wetu, huku akituambia Mungu mwenyewe ndiye aliyemtengenezea. Jani lile ni tamu kweli, ila linaacha ukali kidogo mwishoni, kama dawa ya kikohozi. Nilizoea kuwaambia wagonjwa wote maneno haya: ulimi unadanganyika, damu haidanganyiki. Niliyapenda mno maneno yale. Ningeyasikiliza mwenyewe, nisingekuwa na haya ya kuandika.

Sasa niwapeleke mtaa wa Kasungami, pembeni mwa mji, kwa Papa Prosper na bibi yake, Mama Philomène.

Papa Prosper alikuwa dereva wa treni mstaafu. Alikuwa mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya reli, na kisukari chake kilikuwa na kiburi kama yeye. Alikuwa anakunywa vidonge vya kushusha sukari, vile vikali ambavyo ukivinywa usipokula vinaendelea kushusha tu, havijui pa kuacha. Ndugu yake alikuwa anafuga nyuki Lukafu, na kila msimu chupa za asali zilikuwa zinakuja. Tuligombana juu ya asali ile kila mwezi.

"Asali haiko sukari, mama," alikuwa ananiambia. "Sukari inatoka ku usine, ku bamashini. Asali inatoka ku nyuki. Weye ulishaona nyuki ku usine?"

"Papa Prosper, damu yako haiulize ilitoka wapi."

"Yangu inauliza. Iko damu ya machiniste wa treni."

Mama Philomène alikuwa anakaa pembeni yake, mikono juu ya mapaja, akitazama dirishani. Hakuwa mtu wa maneno. Nilimchukulia kuwa hajui, na kosa hilo nililirudia zaidi ya mara moja.

Siku moja nilikwenda kuwatembelea nyumbani. Nilikuta mfuko wa sukari jikoni, mezani, mdomo wazi. Ndipo nikasimama katikati ya jiko la watu na kusema ile sentensi. Nilisema kwa ukali, kama padri. Mama Philomène hakubisha. Jioni haijafika alikuwa ameubeba mfuko mzima kwa dada yake, na chupa za asali akampa jirani. Ziliporudi tena kutoka Lukafu, akazipeleka tena. Nikampa vikopo viwili vya vidonge vitamu.

Likabaki tatizo la wageni. Kwetu, mnajua, chai ya mgeni hutiwa sukari huko jikoni, ndani ya termosi, na inakuja barazani ikiwa tayari. Ukimpa mgeni chai kavu, atakunywa, atashukuru, halafu atapita mtaa mzima akisema kwa fulani mambo yameharibika. Mama Philomène alitafuta njia yake. Alitia vidonge ndani ya termosi, akakoroga, akafunga. Wageni wakanywa, wakasifu. Alinieleza hilo Alhamisi moja, baada ya kikundi chetu cha wagonjwa, akiwa ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Banasema chai ya Mama Philo iko tamu kushinda ya mbele. Hakuna mwenye anajua."

Nikamsimamisha mbele ya kikundi. Nikasema, huyu ndiye mama wa kuigwa. Siku hiyohiyo, kikundi kilekile, mdomo huuhuu, nikafundisha pia dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho, kuchanganyikiwa. Nikasema, mkiona hivyo, mpeni mgonjwa kitu kitamu upesi. Kitu kitamu. Ndivyo nilivyosema, na hakuna aliyeniuliza swali, kwa sababu nilikuwa nafundisha vizuri sana.

Ikaja Ijumaa Kuu. Papa Prosper alikuwa Mkatoliki wa zamani, wa kufunga kabisa. Asubuhi alikunywa vidonge vyake kwa maji, kwa kuwa nilimkataza kuviruka hata siku moja, akakataa kula kwa kuwa Kanisa lilimkataza, akaenda Njia ya Msalaba kwa miguu, juani, vituo vyote kumi na vinne. Alitutii sote wawili, Kanisa na mimi. Alirudi nyumbani kabla ya wengine kwa sababu miguu ilianza kumkataa.

Mimi nilikuwa nyumbani napiga pasi. Simu ikalia.

"Mama infirmière, ni miye Philo, muzee eko natetemeka. Shati yote iko mayi ya jasho. Eko nasema maneno yenye haielewekake."

"Alikula?"

"Hapana. Alikunywa dawa tu."

Nilijua mara moja. Nawaambia ukweli, hata nilijisifu moyoni kwa wepesi wangu. "Sukari yake imeshuka. Mupe chai tamu, tamu sana, sasa hivi. Halafu unipigie." Nikarudia pasi yangu. Nilipiga kola, nikapiga mikono yote miwili.

Simu ikalia tena.

"Alimaliza kilauri, mama. Alimaliza ya pili. Sasa njo eko nalegea zaidi."

"Haiwezekane. Chai ilikuwa tamu?"

"Tamu sana! Nilionja miye mwenyewe. Nilitia bidonge kumi."

Sikuelewa kwanza. Akili yangu ilikataa kuelewa. Nikauliza, vidonge gani, na yeye akajibu kwa upole kabisa, kama anayemkumbusha mzee aliyesahau:

"Bile ulitupatiaka."

Yesu wangu! Pasi ilibaki juu ya nguo, nikasikia harufu ya kuungua, sikuigusa. Mtu anakufa kwa kukosa sukari, na bibi yake amemnywesha vilauri viwili vya utamu mtupu. Ulimi wa Papa Prosper ulikuwa umeridhika. Damu yake haikupata kitu.

"Mama Philo, tafuta sukari. Sukari ya kweli!"

"Sina. Ulisema isiingie."

"Ku jirani!"

"Bote beko ku kanisa. Boutique ya kuuza sukari inafungwa."

"Anakuitika?"

"Anafungua macho. Lakini ananiita jina ya dada yake mwenye alishakufaka."

Nilianza kusema atafute pikipiki yoyote, wambebe, huku nikijua kutoka Kasungami mpaka hospitali kuna umbali gani na barabara ikoje. Akanikatiza. Hakuwahi kunikatiza kabla ya siku ile.

"Mama, kuko asali."

"Wapi? Uliigawa!"

"Mu caisse yake ya bifaa. Chini ya funguo ya spana. Eko nafikiri sijue."

Alijua. Muda wote alijua. Chupa alizokuwa anapeleka kwa jirani, bwana wake alikuwa anabakiza moja, na yeye alikuwa anamwacha abakize, na kwangu alikuwa anatazama dirishani. Nikamwambia amlaze kwa ubavu, asimmiminie kitu mdomoni asije akapaliwa, achovye kidole kwenye asali na kumpaka ndani ya shavu na kwenye ufizi, kidogo, tena, tena. Akaiweka simu chini bila kuikata. Nilisikia kisanduku cha chuma kikifunguliwa, vyuma vikigongana, halafu sauti yake tu, ikisema "Prosper, Prosper, lamba," mara nyingi mno. Sijawahi kusali vile. Nilisali bila hata kuchagua mtakatifu.

Halafu, kwa mbali, ile sauti ya kuvuka reli, dhaifu lakini ni yenyewe:

"Nani eko nagusa caisse yangu?"

Nilikaa chini sakafuni, nikalia na kucheka pamoja.

Tulikutana hospitali, maana vile vidonge vyake vinaweza kumwangusha mtu tena baada ya kuamka. Lazima aangaliwe mpaka kesho yake. Daktari wa zamu alikuwa kijana, amechoka, ameshinda hajala yeye pia. Aliposikia habari ya chai alitupa kalamu mezani.

"Nani alimupatia édulcorant, bile bidonge bitamu, mu hypo, sukari ikiwa chini? Nani huyo?"

Mama Philomène alisimama. Bado alikuwa na asali kwenye vidole. "Ni miye, docteur. Sikusomaka."

Akamgombeza. Mbele ya wagonjwa, mbele ya familia nyingine zilizokuwa zimekaa chini na masufuria yao, akamwambia karibu amuue bwana wake kwa ujinga. Mama Philomène aliinamisha kichwa akaitika, "Ndiyo, docteur." Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nimeshika mashine ya kupima. Nilifungua mdomo, nikapima damu ya Papa Prosper, nikasoma namba kwa sauti. Hayo ndiyo maneno yangu yote ya siku ile.

Kisha nikaandika ripoti. Niliandika: familia haikuelewa mafundisho. Karatasi hiyo ipo, wenye kupenda makabati wataiona. Mkiipata, kateni mstari huo, muandike: familia ilielewa mafundisho yote, mafundisho ndiyo yalikuwa mabaya. Tieni jina langu chini, kwa wino.

Alhamisi iliyofuata nilibadilisha somo. Ndilo lile mnalolifundisha mpaka leo: kila nyumba yenye mtu wa vidonge vikali au sindano, ibaki na sukari ya kweli, vipande vitano vimefungwa kwenye plastiki, mahali ambapo hata jirani anaweza kuonyeshwa, na vile vidonge vitamu visitumike kamwe kumwamsha mtu. Mliponiuliza wazo hili limetoka wapi, nilisema kwenye uzoefu. Sikusema uzoefu wa nani. Hadithi ilikuwa imeshaenea, ya mama aliyemnywesha bwana wake vidonge, na wanawake wa kikundi walikuwa wanaicheka, naye amekaa humohumo, mikono juu ya mapaja. Ningeweza kuwanyamazisha. Nilisema tu, "Jamani, tuendelee." Na ile sentensi ya jikoni sikuifuta, niliiacha iendelee kutembea mjini na sifa zake, mpaka ikanirudia siku ya kuniaga, na makofi juu.

Papa Prosper aliishi miaka mingi baada ya Ijumaa ile. Alikufa kwa mapafu, mzee kabisa, akigombana na oksijeni. Nilikwenda kilioni, nilikaa na wanawake mkekani, nikarudi kwangu sijasema.

Wiki baada ya kuniaga nilipanda pikipiki mpaka Kasungami. Nilimkuta Mama Philomène uani anapukuchua mahindi ndani ya ungo. Amezeeka, lakini vidole bado vyepesi. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima njiani. Ilipotea yote nilipoona kiti alichonitolea, kile kizuri, cha wageni.

"Mama Philo," nikasema, "siku ile ya Ijumaa Kuu, kosa haikukuwa yako. Ilikuwa yangu."

"Najua."

Nikamtazama. Aliendelea na gunzi lake.

"Sikusomaka, lakini niko na masikio. Weye njo ulisema sukari isiingie. Weye njo ulisema chai tamu."

"Sasa juu ya nini hukumwambia docteur? Alikutukana mbele ya bantu!"

Alitupa gunzi, akachukua jingine. "Ningesema, bagonjwa bangesikia. Bale ba Jeudi, ba kikundi yako, benye balikuwa banaanza tu kukuamini, banaanza kuacha sukari. Bangesema, mama huyu eko naua bantu, na bangerudia ku dawa ya bamuganga ba njia. Miye nilikuwa na muzee mumoja, na alishaamka. Weye ulikuwa na bantu bengi."

Nililia. Sioni haya kuandika hivyo. Aliniacha nilie, kama anavyowaacha watu wote na mambo yao. Kisha akasema, bila hasira yoyote, na ningependa angekuwa na hasira:

"Lakini tulikungoja."

"Nani?"

"Shiye bote babili. Muzee nilimuelezea yote. Alisema, 'Mama Godelieve eko muntu wa kweli, atakuya kusema yeye mwenyewe.' Kila mwezi ukikuya kumupima, alikuwa anakuangalia mu macho. Ukienda, ananiambia, 'Labda mwezi yenye kuya.'"

Nikakumbuka macho yale. Nilifikiri ananichokoza juu ya asali.

"Aliachaka lini kusema vile?" nikamwuliza.

Mama Philomène alisogeza ungo katikati yetu, nami nikachukua hindi, kwa sababu mikono yangu haikuwa na pa kwenda.

"Hakuachaka," akasema.